Mlango wa Hori ya Shungwi

Tulieni, Washungwi, wakubwa kwa wadogo. Zamani za mababu wa mababu zetu, Wareno walipokuwa wameitwaa pwani yote toka Sofala hadi Barawa, mji mmoja tu ulibaki huru, nao ni huu wetu, kwa kuwa alikuwamo Fumo Nyange bin Vuai, mjukuu wa wajenzi wa wando, aliyeitwa Bega la Mwamba kwa kuwa aliinua peke yake gogo ambalo wanaume kumi walishindwa hata kulitikisa.

Merikebu za Wareno zilipotokeza, Nyange aliiziba hori yetu, mkono huu wa bahari, kwa wando wa magogo, kama wavuvi wanavyosimika wando wa fito kunasa samaki maji yakipwa, akaacha mlango mmoja, na gogo la kuufunga akalishika mwenyewe. Nduguye wa tumbo moja, Shaame, akajitolea kuwa chambo: angewavuta Wareno ndani kwa mashua za makasia, kisha azunguke pembeni kwenye maji madogo na kutoka mbio. Maana sheria ya wando ni moja tangu kale: mlango haufungwi ilhali mtu yumo ndani. Nyange akamwapia hivyo mbele ya mama yao.

Wareno wakaingia wote. Shaame akageuza, wapiga makasia wakijikaza hadi mwisho wa nguvu zao, lakini merikebu kubwa ya adui nayo ilikwisha kushtuka, ikawa inaelekea mlangoni, na nyuma ya Nyange ulikuwa mji mzima, vizee na vichanga.

"Kaka, ngoja! Bado tumo!"

Nyange alisikia. Msidanganywe na wanaosema hakusikia. Aliliangusha gogo.

Maji yakapwa, merikebu zikalala ubavu topeni, watu wetu wakazitupia mienge ya makuti yaliyoloweshwa mafuta ya papa, na upepo ukaueneza moto hori nzima, ukateketeza adui na ndugu pamoja.

Mji ulipiga vigelegele, ukamtawaza Nyange mfalme wa kwanza wa Shungwi. Mama yake, Mwana Mize, akasimama mbele ya kiti, akasema:

"Umetuokoa, nami nakushukuru kama watu wote wanavyokushukuru. Lakini mama usiniite tena."

Nyange alitawala kwa haki, hatia ikimla ndani kwa ndani. Kisha siku moja, maji yakiwa yamekupwa, alikiacha kilemba kitini, akashuka horini mchana kweupe, akapita topeni akimwita Shaame, mpaka maji yakajaa. Tulimtazama. Hakuna aliyemfuata.

Sisi tunaishi kwa sababu ya gogo lile, na aibu yake ni yetu pia. Kila mwaka tunaposimama kumsifu Bega la Mwamba, wazao wa wapiga makasia wa Shaame hubaki wamekaa chini, wala hatujathubutu kuwaambia wasimame.