Zamu ya Maji ya Safwan

Husimuliwa, na Mwenyezi Mungu ndiye Mjuzi zaidi, kwamba katika bonde moja kavu la Yemen aliishi mkulima mcha Mungu aitwaye Safwan pamoja na mkewe, Rayhana. Mvua huko ilikuwa adimu. Wakulima wote walimwagilia kwa mfereji mmoja utokao chemchemini, kila mtu kwa zamu aliyopangiwa na mgawa maji.

Mwaka mmoja, shayiri ilipoanza kutoa masuke, chemchemi ilipungua. Asubuhi ya zamu yake, Safwan alifika shambani akakuta nusu ya chini imekwisha kuloa. Akaufuata unyevu mpaka kwenye tuta la mpakani, akaona tundu la panya. Maji ya jirani yake Hazim, aliyemwagilia siku iliyotangulia, yalikuwa yamepita humo.

Akiongeza na zamu yake, shamba lote lingekunywa! Akaliziba tundu kwa udongo, akarudi kumweleza mkewe.

"Mwizi ni panya," alisema akicheka. "Hazim amtafute huyo."

"Panya halimi shayiri, mume wangu. Watakaoila ni sisi."

"Na nikimpa Hazim zamu yangu, ile nusu ya juu je? Itakauka!"

"Itakauka. Nitakula ya chini pamoja nawe, na nitashukuru."

Safwan akatia udhu, akaswali rakaa mbili, kisha akaenda kwa Hazim. Alimkuta ameinama juu ya kunde zilizonyauka, akimlaani mgawa maji kwa kumpunja.

"Usimdhulumu mtu wa watu," Safwan akamwambia. "Maji yako yako kwangu. Panya alitoboa tuta. Leo chukua zamu yangu."

Hazim akamkodolea macho. "Bwana wee, nisingejua kamwe! Na shayiri yako je?"

"Imekwisha kunywa. Fungua maji, ndugu yangu, jua linapanda."

Kunde za Hazim zikapona. Shayiri ya nusu ya juu ilikauka kweli, wakaikata iwe malisho ya mbuzi. Lakini Rayhana alipoepua mkate wa kwanza wa mavuno mapya, Safwan aliumega, akasema Alhamdulillahi, na machozi yakamtoka kwa furaha, maana hapakuwa na tonge la kumkwama kooni.

Wanangu, hatukusimuliwa kwamba mvua ilinyesha ghafla kwa ajili yake. Alipata nusu ya shamba, nayo ilikuwa halali yake, akashiba. Mola atujaalie shibe kama ile.