Mishale ya Mji na Nyama ya Wazee

Tegeni masikio, na mwenye kusinzia asinzie mbali asije akatukoromea.

Ulikuwako mji wa wanyama ulioitwa Vichuguuni, umezungushiwa boma la miiba, na ndani ya boma hilo ilikuwapo sheria moja iliyowafanya wakazi waupende: hakuna kumla mwenzako. Mwenye meno na mwenye kwato walipishana njiani wakaamkiana. Aliyetaka nyama alitoka nje kwenda kuitafuta, akaila hukohuko, akafuta mdomo, ndipo akarudi nyumbani. Sheria hiyo aliitoa Simba, na Simba hakuacha siku ipite bila kuwakumbusha watu kuwa ni yeye aliyeitoa.

Kisha mvua ikakataa. Huko nyikani majani yaligeuka vumbi, na swala waliobaki hai wakasikia kwamba ndani ya Vichuguuni mna kisima, mna bustani, na juu ya hayo yote mna sheria. Wakaingia. Wakazaa. Haukupita muda mrefu, swala wakawa wamelala njiani, wamesimama kisimani, wameingiza vichwa madirishani. Kila ulipotazama palikuwa na mdomo unatafuna.

Bi Sungura, ambaye akili zake zilijulikana mji mzima na ulimi wake ukaogopwa zaidi, alikuwa na shamba la kunde nyuma ya nyumba. Asubuhi moja alitoka na ungo kwenda kuchuma, akakuta vijiti vitupu. Swala mmoja alikuwa bado amesimama pale katikati, anatafuna polepole, akimtazama kama mtu aliyeingiliwa chumbani kwake.

"Shikamoo, bibi," alisema yule swala.

 Sungura aliutupa ungo akaenda moja kwa moja barazani.

Alikuta baraza limekwisha jaa. Simba alikuwa amekaa juu ya jiwe lake, manyoya ya shingo yamechanwa, uso ameuelekeza upande ambao jua lingempendeza. Aliyekuwa akisema ni Fisi.

"Udumu, Mfalme," alisema Fisi. "Shida yetu si swala. Swala ni ndugu zetu. Shida yetu ni idadi." Alilipenda sana neno hilo, alilitamka huku akilamba midomo. "Lazima idadi ipunguzwe."

"Sheria yangu inakataza," alisema Simba.

"Sheria yako tukufu inakataza nini, Mfalme? Inakataza meno na kucha. Je, imekataza upinde?"

Wajumbe wakatazamana. Ukweli ni kwamba haikukataza, kwa sababu Simba alipoitunga hakuna aliyewahi kuuona upinde.

"Nyani wana mikono," Fisi aliendelea. "Watakaa juu ya miti, katika ardhi ya mji tu, wapige mishale asubuhi watu wakiwa hawajaamka. Hakuna kelele, hakuna meno, hakuna aliyevunja sheria."

"Na nyama?" aliuliza Bi Mbweha. Huyu alikuwa kikongwe kipofu, jirani yake Sungura, asiyeweza tena kutoka nje kuwinda. Ukame ulikuwa umemkausha mpaka mbavu zake zikaonekana kama tenga.

Fisi alimeza mate kabla ya kujibu. "Nyama itakwenda kwa wazee na wagonjwa, bibi yangu. Yote. Mimi sitaki hata ukwato. Nitakubali tu mzigo wa kuisimamia."

Sungura, ambaye siku nyingine yoyote angemcheka fisi anayejitolea kulinda nyama, siku ile aliwaza kunde zake. Akawa wa kwanza kuinua mkono.

Basi mishale ikaanza. Nyani walijenga vichanja juu ya miti, wakajifundisha kulenga, wakajisifu kupita kiasi. Kila asubuhi swala kadhaa waliburutwa mpaka ghala la Fisi, na kila asubuhi Fisi alisimama mlangoni akiwa na uso wa msiba. Watu walimpa pole kwa kazi ngumu. Naye aliipokea.

Sungura alipanda upya kunde zake. Zikaota, zikaliwa. Akapanda tena, zikaliwa tena. Hapo ndipo alipoanza kutumia kichwa chake. Ikiwa mishale inaruka kila kukicha, mbona vinywa havipungui?

Alikwenda kumjulia hali Bi Mbweha, akamkuta ameinamia chungu.

"Unapika nini, bibi?"

"Nyama ya wazee," alijibu Bi Mbweha.

Sungura akafunua chungu. Ndani mlikuwa na maji, kwato mbili na ncha ya mkia.

"Hiki ndicho wanachokuletea?"

"Bwana Fisi mwenyewe ndiye huleta. Anasema swala wa siku hizi hawana nyama, ukame umewamaliza." Akapapasa ukingo wa chungu kwa vidole vyake vikavu. "Ana huruma yule. Akishaondoka nasikia akipumua kwa shida njia nzima. Nadhani ni mgonjwa."

"Si mgonjwa, bibi. Ameshiba."

Kutoka pale Sungura alirudi shambani kwake, na kama kawaida akamkuta swala. Alikuwa mama, ana mtoto ubavuni. Sungura alikuwa ameokota jiwe. Lakini kabla hajalitupa aliona kwato zao. Udongo wa Vichuguuni ni mweusi; za wale wawili zilikuwa na vumbi jekundu la nyikani, na miguu yao mpaka magotini.

"Nyinyi mmetoka nje," alisema. "Mmeingia lini?"

"Jana, dada. Tulikuwa sita."

"Wengine wako wapi?"

 Mtoto ndiye aliyejibu, "Miti iliwapiga."

Sungura akaliweka jiwe chini.

"Nani aliyewaambia mje huku?"

"Mzee wa ukoo wetu," alisema Mama Swala. "Hupitia pengo la boma upande wa mashariki, anatufuata nyikani. Ana pembe ndefu na maneno matamu. Alisema kuna majani mpaka yanaoza, na kila familia itapewa bustani yake. Dada yangu alikuwa na shaka, kwa sababu mzee yule ananuka na anacheka hata pasipo kichekesho. Nikamwambia aache kudharau wazee." Akamvuta mtoto karibu. "Dada ndiye aliyekuwa wa kwanza kupigwa."

Sungura alijisikia baridi masikioni. Mji mzima umekesha ukipanga namna ya kupunguza swala, naye msimamizi wao anawaleta kama mtu anayejaza kisima chake. Bustani za wakazi zinaliwa, wageni wanapigwa mishale, wazee wanachemsha kwato, na mmoja tu ananenepa.

"Hamkumwogopa Simba?" aliuliza.

"Tulimwogopa. Tulimuuliza mzee habari zake." Mama Swala alishusha sauti. "Alisema Simba ni manyoya tu. Analala mchana kutwa, hajui nani anaingia wala nani anatoka. Alisema mwenye mji ni yeye."

Masikio ya Sungura yakasimama wima.

"Dada," alisema kwa upole ambao majirani zake hawakuwahi kuusikia, "ukiitwa mbele ya Simba, unaweza kuyasema maneno hayo kama ulivyonieleza mimi?"

"Mbele ya Simba? Na nyani wakiwa na mishale?"

"Ndiyo."

Mama Swala alimtazama mtoto wake aliyekuwa akilamba vumbi jekundu mguuni. "Yule mzee ataenda tena kuita wengine?"

"Kesho, na keshokutwa, mpaka nyika iishe."

"Basi nitasema."

Sasa wewe ungedhani Sungura alikwenda kwa Simba kulia habari za wazee wenye njaa. Hakuwa mjinga kiasi hicho. Wazee walikuwa wamekwisha kulia pale barazani mara nyingi, na Simba kila mara aliwaambia waende wakamwone Fisi. Sungura alikwenda, akapiga magoti, akasema:

"Udumu, Mfalme. Nimekuja kuuliza, ni lini ulimteua swala mmoja mwenye pembe ndefu awe anakaribisha wageni mjini kwa niaba yako?"

Simba aliacha kulamba mguu. "Nimemteua nani?"

"Yuko pengo la mashariki. Kila alfajiri anaingiza watu, anawagawia bustani. Nikadhani ni amri yako."

"Anagawa mji WANGU?"

"Labda nimekosea, Mfalme. Ni vizuri ukaone mwenyewe. Waje na nyani wako, wasikose la kupiga."

Alfajiri, Simba alikuwa amejificha nyuma ya kichuguu kando ya pengo, jambo ambalo hakuwahi kulifanya tangu alipoanza kufanyiwa kazi na wengine, na likamchosha sana. Nyani walikuwa mitini. Sungura alisimama pembeni na Mama Swala.

Punde vumbi likaonekana. Kundi la swala lilikuja likifuata mmoja aliyetangulia, mwenye pembe ndefu zilizoinama upande na ngozi iliyomning'inia kama nguo ya kuazima. Mgongo ulishuka nyuma kama paa la banda bovu. Mtu yeyote mwenye macho angemtambua. Lakini mwenye njaa hutazama mahali alipoelekezwa, na wale walitazama bustani.

"Karibuni, karibuni!" alisema kiongozi wao kwa sauti ya puani. "Mtakula mpaka mchoke! Hih! Piteni huku, mji ni wenu, mwenyeji ni mimi!"

Simba akatoka nyuma ya kichuguu.

Kundi zima likaganda. Kiongozi alirudi nyuma hatua moja, lakini swala walikuwa wamejaa pengoni, hapakuwa na njia.

"Wewe ni nani?" aliuliza Simba.

"Swala, Mfalme. Swala wa kawaida kabisa."

"Ah, swala," alisema Sungura. "Mji una idadi kubwa mno ya swala, na nyani wameshaamka."

Simba akainua mkono. Mitini zikasikika kamba za pinde zikivutwa.

"Subirini!" kiongozi alipiga kelele, na sauti ya puani ikampotea. "Msipige! Mimi si swala!"

"Basi ni nani?"

 Mtu anayetakiwa kuchagua kati ya mshale na jina lake huchukua muda. Fisi alitazama juu, akaona ncha ya mshale, akajua nyani aliyeushika hajawahi kukosa shabaha kubwa kama ile. Akatikisa kichwa, pembe zikaanguka. Akaivua ngozi.

"Ni mimi, Fisi, msimamizi wenu," alisema. Kisha, kwa haraka ya ajabu, akarudisha uso wake wa msiba. "Nilikuwa nafanya utafiti, Mfalme. Huwezi kujua idadi ya swala mpaka uishi nao, uvae kama wao. Nimejitesa kwa ajili ya mji."

Na amini usiamini, Simba alianza kutikisa kichwa kukubali. Utafiti ni neno kubwa, naye alipenda maneno makubwa. Wajumbe wawili waliokuja nyuma yake wakaanza hata kupiga makofi.

"Mama," Sungura aliita, "mwambie Mfalme mzee huyu alikuambia nini."

Mama Swala alisogea mbele. Mishale yote ikageuka ikamwelekea yeye, naye akaiona, akaendelea kutembea mpaka akasimama uso kwa uso na Simba.

"Alisema wewe ni manyoya tu," alisema. "Alisema unalala mchana kutwa, hujui nani anaingia wala nani anatoka. Alisema mwenye mji ni yeye. Tukamwamini, dada yangu akafa."

Katika maneno hayo yote, la dada Simba hakulisikia.

Sauti iliyomtoka iliwaangusha nyani wawili mitini. "MANYOYA TU?"

"Mfalme, huyu ni mgeni, hajui lugha yetu..." alianza Fisi. Hakumaliza. Simba alimpiga kofi moja lililomtoa nje ya boma, likamrusha juu ya miiba. Kumuua lingekuwa jambo jepesi, lakini sheria ilikataza kucha na Simba hakutaka kuonekana ameisahau. Walipovunja mlango wa ghala walikuta nyama iliyokaushwa imepangwa mpaka darini, na nyingine imeoza, kwa maana hata tumbo la Fisi lina mwisho. Aliachiwa nyika na jua. Alijaribu kuwaita swala kwa maneno matamu, ila safari hii walimwona vizuri.

Lile kundi lililokuwa pengoni Sungura aliliambia ukweli bila kuupaka asali: ndani mna majani na mishale, nje kuna njaa na meno. Wengi waligeuka wakarudi, wakaokota walichookota mpaka mvua iliporidhika ikanyesha. Mama Swala aliongoza njia, mtoto wake ubavuni.

Ndani ya mji mishale haikukoma, kwa sababu swala walikuwa bado ni wengi na kunde zilikuwa bado zinaliwa. Ila sasa idadi ilipungua kweli, na nyama aligawa Kobe, ambaye haili. Bi Mbweha alipelekewa paja zima. Alilipapasa kwa muda mrefu, akauliza kama wamekosea nyumba.

Siku iliyofuata Simba aliita baraza, akatangaza kuwa amegundua uovu mkubwa kwa macho yake mwenyewe yasiyolala, na wajumbe walewale waliompigia Fisi makofi wakampigia na yeye. Kabla makofi hayajaisha, wajumbe watatu walikuwa wamekwisha kuinua mikono wakijitolea kushika cheo cha Fisi, na wa kwanza kabisa alikuwa Tai, aliyesema hataki hata mfupa.

Sungura alimtazama, akautazama na mdomo wake uliopinda. Kisha akasimama, akaomba awekwe yeye na Kobe kulinda ghala, na mlango wake uondolewe kabisa, kila apitaye aone kilichomo ndani. Tai alisema huo ni utovu wa adabu kwa viongozi. Mji mzima ukamtazama Tai, na hakuna aliyepiga makofi.

Mimi nimesema niliyoyajua. Mwenye ghala na asikie, na mwenye chungu na akifunue.