Kopo la Rangi

Chuo kimoja kilikuwa na timu ya mpira wa kikapu ya wanaume, na makocha wengi walipokezana timu hiyo tangu chuo kilipofunguliwa. Hakuna kati yao aliyekuwa mvivu. Wote waliipenda timu. Lakini walikuwa na desturi moja, nayo ndiyo iliyowaponza: kila kocha mpya, siku yake ya kwanza, aliingia uwanjani na kopo la rangi.

Nitawataja watatu tu. Kocha Sekibaha alitaka vijana wake watangulize mguu wa kulia. Basi akachora unyayo mweupe kwenye saruji, pale anaposimama mchezaji aliyechezewa vibaya ili arushe mpira peke yake bila kuzuiwa. Vijana wakazoea. Sekibaha akaondoka, akaja Kocha Mwakyoma. Huyu hakumuuliza mtu kitu. Aliukwangua ule mweupe mbele ya wachezaji, akachora wa bluu, wa mguu wa kushoto. Baada yake akaja Kocha Tesha, akakwangua, akachora nyayo mbili za njano, sambamba. Wahenga husema mgeni njoo, mwenyeji apone. Pale kila mgeni alikuja, na mwenyeji akazidi kuumia.

Mwenyeji ninayemsema ni Lukelo, kijana mrefu, mpole, aliyepita mikononi mwa wote watatu. Alimtii kila mmoja. Hilo ndilo linaloniuma kila ninapolikumbuka, kwamba kijana yule hakukosa utii.

Chuo hakikuwa kimewahi kuchukua kombe. Mwaka wa mwisho wa Lukelo kikafika fainali, na ikachezwa pale pale nyumbani. Sekibaha na Mwakyoma walikuja kutazama, wakakaa mbalimbali, maana hawakuwa wakisalimiana. Dakika ya mwisho timu ilikuwa nyuma kwa pointi moja. Lukelo akasukumwa akiwa anaruka, na mwamuzi akampa mitupo miwili.

Akaenda mstarini, akainamisha kichwa. Mvua za miaka ile zilikuwa zimeibandua rangi ya juu, na mabaki ya zile zilizokwanguliwa yakachungulia: nyeupe, bluu, njano. Akasogeza mguu wa kulia, akaurudisha. Akajaribu wa kushoto. Kanuni humpa mrushaji sekunde tano tu, nazo zikaisha mpira ukiwa mkononi, mtupo wa kwanza ukapotea. Mara ya pili akaurusha haraka, kwa woga, wala haukugusa hata chuma cha kikapu.

Tesha akamfuata baada ya kipenga cha mwisho, kombe likiwa limekwenda kwa wageni, akamuuliza kwa nini ameduwaa. Kijana akamjibu kwa adabu, "Samahani, Mwalimu. Nilikuwa natafuta pa kusimama."

Jibu hilo liliwafikia makocha wote watatu, na kila mmoja akamlaumu mwenzake. Lukelo hakugusa mpira tena. Nami sisemi kwamba unyayo wa kwanza ndio uliokuwa bora. Wowote kati ya nyayo zile ungemtosha, kama angeachiwa.

Mwaka uliofuata Tesha aliondolewa. Kocha mpya akaingia uwanjani Jumatatu asubuhi, na kopo la rangi nyekundu.

Ninyi mliopokea watoto, darasa au waumini kutoka mikononi mwa mwingine: siku ile ya kwanza mliwauliza wamefundishwa nini, au mlianza kukwangua?