Kitanda Kisicholia cha Fundi Semkiwa

Hapo zamani, tena si zamani ya babu zenu, zamani ya juzi tu, simu zilipokwisha kuwa nyingi kuliko kuku, palikuwa na seremala Muheza akiitwa Semkiwa. Na huyo, nyie, hakuwa fundi wa kubahatisha. Akipiga randa Muheza, watu wa Korogwe wanapangusa vumbi la mbao. Akigonga patasi mara moja, kuku wa mtaa mzima wanataga. Na vitanda vyake! Walale tembo wawili na mtoto wao, wapigane miereka mpaka alfajiri, kitanda kimya.

Ng'ambo ya barabara alikuwapo fundi mwingine, Kupaza. Vitanda vya Kupaza vilikuwa vinalia. Ukikaa, kwii. Ukigeuka, kwaa. Ukipiga chafya, majirani wanajua umelalia ubavu gani. Lakini wateja wanakwenda kwa nani? Kwa Kupaza! Kwa sababu mtu wa Pangani au wa Handeni akitafuta kitanda cha harusi kwenye simu, jina la kwanza kutokea ni Kupaza. Semkiwa unamtafuta, unashuka, unashuka, unashuka mpaka kidole kinaota sugu, humwoni.

Siku moja Kupaza akamrushia neno kutoka ng'ambo. "Semkiwa! Hivi bado unatengeneza vitanda, au siku hizi unafuga mchwa?"

Mafundi wakacheka mpaka wakashika mbavu. Semkiwa moyo ukamfura kama andazi kwenye mafuta. Akapanda juu ya benchi lake la kazi.

"Sikia, Kupaza! Kabla mwezi wa Ramadhani haujaandama, mtu akitafuta kitanda cha harusi Muheza, jina la kwanza litakuwa langu. Lisipokuwa, njoo na nyundo yako, bango langu uling'oe mwenyewe, na mimi nivuke barabara nije kukupigia randa kama kibarua!"

"Mashahidi mpo?" Kupaza akauliza.

"Tupo!" mtaa ukaitika.

Hapo angeshuka. Lakini mdomo wa Semkiwa haukuwa na breki. "Na atakayenifikisha juu, nampa kile kitanda!"

Watu wakageukia karakana. Kile kitanda kilijulikana. Mninga mtupu, sita kwa sita, kimekaa tumboni mwa karakana miezi tisa kama mimba. Maua ya asumini yaliyochongwa kichwani mwake, nyuki walikuwa wanayajia, wanahangaika wee, wanaondoka wamenuna. Watu walitoka mbali kukinunua, Semkiwa hakukiuza.

Wa kwanza kuja ni Saumu, mpwa wake, msichana aliyesomea kompyuta Tanga mjini na aliyekuwa amechumbiwa.

"Shikamoo, mjomba."

"Marahaba. Umekuja kunifikisha juu?"

"Nimekuja. Ila mjomba, mtandao ni kipofu mwenye masikio. Uzuri wa kitanda hauoni, unasikia maneno tu. Nitakutengenezea tovuti. Maneno tunayaweka juu kabisa kwenye kichwa cha ukurasa, tunayarudia mstari wa kwanza, na kila picha tunaipa jina lake. Hizi picha zako zinaitwa namba. Nani atatafuta namba? Haya, niambie, tuweke maneno gani?"

Semkiwa akakohoa, akajiweka sawa. "Andika: Samani Adhimu za Kifalme Zenye Hadhi ya Kimataifa."

"Mjomba, nani anatafuta hivyo?"

"Mimi!"

"Wewe unauza, hununui."

"Andika, mtoto wa dada!"

Saumu akaandika. Siku ishirini alikaa kwenye ile kompyuta, macho yakawa mekundu kama pilipili. Ukurasa ukawa mzuri, hauna mfano. Wakatafuta. Semkiwa akatokea ukurasa wa tisa, katikati ya majumba ya wafalme wa Ulaya. Kitanda hata kimoja hakikuulizwa.

Wa pili kuja ni Bi Nunu, kungwi. Sasa makungwi wa mtaa ule hawachagui kitanda cha bibi harusi kwa macho. Wanakaa mara tatu. Mara ya kwanza katikati, mara ya pili ukingoni, mara ya tatu kungwi anajirusha na uzito wake wote. Kikilia, anafunga kanga yake anaondoka, kwaheri hupewi. Bi Nunu alikuwa amejirusha juu ya vitanda vya harusi miaka thelathini, na kwake analala kitanda cha kamba.

Akamkuta Semkiwa ameinama na Saumu amenuna. "Mmefiwa?"

Saumu akamsomea ukurasa, maana Bi Nunu kusoma hajui hata jina lake.

"Samani ndiyo mdudu gani?" Bi Nunu akashangaa. "Fundi, mimi miaka thelathini hakuna mama aliyeniuliza samani. Wananivuta pembeni, wananinong'oneza: Bi Nunu, kitanda cha harusi kisicholia nitapata wapi? Basi. Na yule aliyeko Maskati anayemtafutia mdogo wake kwenye simu, unadhani anaandika mengine? Wanaona haya kumuuliza fundi. Simu hawaionei haya."

Saumu akaruka kama aliyekanyaga kaa la moto. Akafuta ufalme wote, akaweka: Kitanda cha Harusi Kisicholia, Muheza. Juu kabisa, mstari wa kwanza, na chini ya picha. Siku kumi na mbili hazijaisha, Semkiwa yuko ukurasa wa kwanza, nafasi ya tano! Simu ikaanza kulia, yeye akacheza katikati ya barabara, malori yakasimama kumpisha.

Laiti angetulia. Lakini Semkiwa hakuumbwa kuwa wa tano.

"Saumu! Kama kuyasema mara tatu kumetufikisha wa tano, tukiyasema mara mia mbili si tutawapita malaika? Jaza!"

"Mjomba, tutaharibu."

"Jaza!"

"Mjomba..."

"Nani alikubeba mgongoni ulipougua surua?"

Akajaza. Ukurasa ukawa kitanda cha harusi kisicholia, kitanda kisicholia cha harusi, harusi ya kitanda kisicholia, kisicholia, kisicholia, kuanzia juu mpaka chini kama mtu mwenye kwikwi. Mteja mmoja wa Handeni akapiga simu. "Fundi, hujambo? Nimesoma ukurasa wako. Nyumbani hamna mgonjwa?" Akakata. Na mtandao nao ukachoka. Semkiwa akaanguka. Wa tano akawa wa hamsini, wa hamsini akawa wa mia na ushei. Hata wale wafalme wa Ulaya wakawa juu yake.

Zimebaki siku kumi na tano. Ng'ambo, Kupaza akaitoa nyundo akawa anaipaka mafuta, taratibu, huku anaimba.

Wa tatu ni Shekiondo, mpiga msasa wa Semkiwa. Mtu wa maneno matatu kwa wiki, na mawili ni salamu. Kile kitanda cha mninga ndiye aliyekipiga msasa mpaka alama za vidole vyake zikafutika. Siku hiyo akaweka msasa chini.

"Saumu, nisomee."

Akasomewa. Akamgeukia fundi. "Mbao ukiipaka vanishi mara ishirini inakuwaje?"

"Inanata," akasema Semkiwa.

"Haya."

Akakaa kando ya Saumu kama anavyokaa kando ya ubao. Saumu anasoma, yeye anasema: toa. Anasoma, toa. Anasoma, toa. Semkiwa kila "toa" anaruka kama anang'olewa jino. Yakabaki maneno pale yalipokuwa mwanzo tu: juu, mstari wa kwanza, chini ya picha.

"Sasa mtu akisikia hakilii, atauliza kwa nini," Shekiondo akasema. "Mjibu. Mbao imekauka miezi minane. Hakuna msumari, ni ulimi na tundu. Kila ulimi umepigwa msasa mpaka ukaingia kwa kusukumwa na kiganja." Saumu akayaandika yote, na Shekiondo akaokota msasa wake, nadhani alikuwa ameshamaliza maneno ya mwaka mzima.

Siku ya mwisho ya Shaabani ikafika. Kupaza akavuka barabara na ngazi begani, nyundo mkononi, na watu nyuma yake kama maulidi. Akaegemeza ngazi kwenye bango. Semkiwa akasimama mbele ya ngazi.

"Tafuta kwa simu yako mwenyewe!" akamwambia.

Kupaza akaandika: kitanda cha harusi Muheza. Akatazama. Akafuta. Akaandika tena. Akaifuta simu kwa kanzu. Akaandika tena.

"Soma!" watu wakapiga kelele.

"Semkiwa," akasema kwa sauti ya mtu anayemeza shubiri. "Wa kwanza. Simu hii imelewa."

Vigelegele vilivyopigwa, nasikia bahari ilirudi nyuma kidogo. Na kwa kuwa ngazi ilishaegemezwa na nyundo ipo, wakamfanya Kupaza apande akagongomee bango misumari mingine miwili.

Kitanda kikatolewa nje. Hapo ndipo yakaanza.

Saumu akakaa katikati. "Changu! Tovuti nimetengeneza mimi, pa kuweka maneno nimejua mimi. Bila mimi mngeyaandika wapi, kwenye mchanga? Na mwezi wa Mfungo Mosi naolewa."

Bi Nunu akakaa ukingoni. "Changu, mwanangu. Ulikuwa na pa kuweka, ulikuwa na cha kuweka? Hayo maneno nimeyaokota miaka thelathini, masikio haya."

Shekiondo akavua viatu. Akapanda akajilaza. Baadaye akasema, "Fundi mlimzika. Nimemfukua."

Semkiwa naye akashika mguu wa kitanda. "Ngojeni kwanza! Kitanda kingekuwa kinalia, hayo maneno yenu si yangekuwa uongo? Nani alitengeneza kitanda kisicholia? Mimi! Kitanda kinarudi ndani!"

"Wewe ndiye uliyetuangusha, mjomba!"

"Na mimi ndiye niliyewapandisha!"

Bi Nunu kwa hasira akainuka, akajirusha na uzito wake wote. Wako watatu juu ya kitanda, na wa nne ananing'inia mguuni. Watu wakatega masikio.

Kimya.

Wenyewe wakatazamana, na hakuna aliyeshuka. Mpaka leo hawajashuka, uji wanaletewa hapohapo, nyuki wanawazunguka. Wanangoja nyinyi mnaojua kuhukumu. Haya basi, msinitazame mimi, mimi nimeshafunga mdomo: kitanda ni kimoja, hakikatiki. Kati ya Saumu, Bi Nunu, Shekiondo na Semkiwa mwenyewe, nani alale, na nani ashuke?