Mashine ya Tusekile

"Mkia mzito huendesha kichwa." Mmeisikia leo, mkacheka, mkadhani inamsema ng'ombe. Hapana. Methali hii ilizaliwa nyuma ya tela, na ilikuwa hivi.

Sekela alikuwa akimpeleka binti yake, Tusekile, kwa mumewe, na zawadi kubwa ilikuwa mashine ya kusaga mahindi. Ndiyo ingekuwa kazi ya binti huko ugenini, asije akaomba mtu hata chumvi. Vitu vyote vilipakiwa kwenye tela, na tela likafungwa nyuma ya gari dogo la Ambilikile, kaka wa marehemu mume wa Sekela.

Kwa desturi ya kwao, gari la zawadi huingia uani kinyumenyume, na zawadi kubwa ndiyo hutangulia kuonekana. Basi Ambilikile akaamuru mashine ikae nyuma kabisa, mlangoni mwa tela. Magodoro na ndoo akavisukumia mbele.

Sekela akatazama. Mkono wa tela ulikuwa umelibinua gari, nyuma juu, kama bata anayetafuta chakula majini.

"Shemeji, hiyo mashine ije mbele, juu ya magurudumu. Huko nyuma itatuyumbisha."

"Mama Tusekile, umeanza! Wakwe waone magodoro kwanza? Watasema tumeleta mgonjwa."

"Waseme. Mimi nataka mashine ifike."

"Nimeendesha gari tangu huyu bibi harusi hajazaliwa."

"Gari umeendesha. Tela hujavuta hata siku moja."

Ambilikile akawasha gari. Sekela akapanda amevimba; kubishana na mwanamume aliyekwisha kuvaa koti la harusi ni kumpigia mbuzi gitaa.

Kwenye tambarare hapakuwa na neno. Walipoanza mteremko wa mashamba ya chai, gari likaongeza kasi na tela likaanza kucheza. Kulia, kushoto, kulia tena, kila mara kwa nguvu zaidi, mpaka gari lenyewe likawa linatupwa huku na huku. Tusekile akapiga yowe. Ambilikile akainua mguu kutafuta breki.

"Usikanyage breki!" Sekela alifoka. "Achia mafuta! Shika usukani unyooke, usipigane nao!"

Kwa mara ya kwanza siku hiyo, akasikia. Mwendo ukapungua, tela likatulia, wakasimama pembeni, gurudumu moja la tela likining'inia juu ya mtaro. Kamba za mashine zilikuwa zimekatika zote isipokuwa moja.

Ambilikile akafuta jasho. "Usukani nilikuwa nao," alisema polepole, "lakini aliyekuwa anaendesha si mimi."

"Najua. Shuka tupakue."

Wakapakua kila kitu barabarani, wachuma chai wakiwatazama, bibi harusi mwenyewe akibeba magodoro kichwani. Mashine ikakaa juu ya magurudumu, mbele kidogo, ikafungwa upya.

Ukweni, mlango wa tela ulipofunguliwa, zikatangulia ndoo. Shangazi wa bwana harusi akaguna. "Mbona zawadi yenyewe mmeificha huko ndani?"

Sekela akafungua mdomo, lakini Ambilikile alimwahi.

"Dada, mkia mzito huendesha kichwa. Tulitaka kufika kwenu, si mtaroni."

Mashine ile ilisaga miaka mingi, na Tusekile hakuomba chumvi. Nanyi, mkipakia mambo yenu ili watu wawaone, mkashangaa mbona hamwendi mnakotaka, msiniulize kulikoni. Mkia mzito huendesha kichwa.