Mashine Iliyouzidi Mtumbwi

Mtu mmoja alikuwa na mtumbwi wa mbao na mashine ya kuusukuma yenye nguvu za farasi nane. Aliitwa Manyama, na kazi yake ilikuwa kuvua sangara ziwani. Alikwenda na watu wawili: Bwire, mdogo wake wa tumbo moja, na Mafuru, mume wa dada yao Nyanjura. Manyama alikaa nyuma kwenye mashine. Mafuru alikaa mbele akivuta nyavu. Bwire alikaa katikati na dumu lililokatwa mdomo, akichota maji. Maana mtumbwi wa mbao, hata uuzibe pamba namna gani, hunywa maji kidogo kidogo, na anayekaa katikati hapumziki. Kazi yake haionekani. Akiifanya vizuri, hakuna kinachotokea. Basi walikwenda polepole na kurudi polepole, na nyumba tatu zilikula.

Sasa, mwaloni kwao, pale ufukweni wavuvi wanaposhushia samaki, kulikuwa na tabia moja. Mtu aliitwa kwa farasi wa mashine yake. Aliyekuwa na kumi na tano aliitwa Kumi na Tano, na mkewe akaitwa Mama Kumi na Tano, na hakuna aliyecheka. Asiye na mashine aliitwa Makasia. Katika watu wale hapakuwa na hata mmoja aliyewahi kumwona farasi kwa macho, sembuse kumlisha, lakini wote walipimana kwa farasi. Manyama aliitwa Nane, na jina hilo lilimuuma. Lilimuuma zaidi pale tajiri mmoja aliyeitwa Arobaini alipompita ziwani, akauacha mtumbwi wake ukiyumba, kisha akamwinulia mkono kwa adabu. Dharau angeivumilia. Adabu ile ndiyo iliyomkosesha usingizi.

Akauza ng'ombe wake, akaenda mjini kununua mashine. Mwenye duka hakuwa tapeli. Alimwuliza lile lipasalo kuulizwa: mtumbwi wako una urefu gani, una upana gani, unabeba watu wangapi? Manyama alijibu bila kusita, ila mtumbwi aliouelezea haukuwa wake. Alielezea mtumbwi wa Arobaini, ubao kwa ubao, kama mtu aliyeulizwa habari za mkewe akasimulia za mke wa jirani. Akauziwa mashine iliyoufaa mtumbwi ule.

Aliporudi aliuongezea ubao wa nyuma mbao mpya na bolti nene, akaikaza mashine kwa mkono wake mwenyewe. Akaijaribu Jumapili, watu wakitoka kanisani, mtumbwi ukiwa mtupu. Na hapo ndipo penye ujinga wetu sisi watu wa ziwa. Mashine tunaijaribu tukiwa watupu, tukiwa tunaondoka, watu wakitutazama. Hatuijaribu tukiwa tunarudi na mzigo, upepo ukiwa mgongoni na hakuna wa kutushangilia. Mtumbwi uliinua pua juu, nyuma ukazama mpaka maji yakaugusa ukingo wa ubao. Wanawake wakapiga vigelegele. Jioni ile akaitwa Arobaini wa Pili, naye akaitika.

Lakini mtumbwi unaokwenda pua juu hauoni uendako. Basi akapanga viroba vya mchanga mbele ili kuishusha pua. Hebu fikirini jambo hilo. Mtu amenunua nguvu, kisha akabeba mchanga ili nguvu yake mwenyewe isimpindue! Na kwa kuwa mashine kubwa ina kiu kubwa, akaongeza madumu ya petroli. Walipofika kwenye nyavu zao, mtumbwi ulikuwa umejaa kabla samaki hata mmoja hajaingia. Ilibidi kitu kitoke. Mashine isingetoka. Mchanga usingetoka, kwa maana pua ingeinuka. Petroli nayo ilihitajika, na Mafuru ndiye mvuta nyavu. Manyama akatazama katikati ya mtumbwi, akamwona mdogo wake.

Hakumfukuza. Kesho yake, wakiwa ufukweni tayari kuondoka, alimwambia kwa upole, tena mbele ya watu, kwamba sasa apumzike nchi kavu, ashone nyavu, na mgao wake ataupata kama kawaida. Bwire alikuwa amesimama kwenye maji ya magotini, dumu lake mkononi. Akasema, "Kaka, mchanga umepata nafasi, mimi nimekosa?"

Manyama akaigeukia mashine. Alivuta kamba, mashine ikawaka. Mashine kubwa ina faida hiyo: ikishanguruma, mwenyewe hasikii neno la mtu. Bwire alirudi ufukweni na dumu lake.

Sitawadanganya kwamba adhabu ilikuja kesho yake. Kwa muda mrefu mambo yalikuwa mazuri. Manyama alikuwa wa kwanza kulifikia boti la barafu la wanunuzi wa samaki, samaki wake wakapata bei ya samaki wabichi, na Nyanjura mwenyewe alimsifu kaka yake kwa jirani zake. Maji yaliendelea kuingia kama zamani, lakini mtumbwi ukikimbia maji hukimbilia nyuma, chini ya miguu ya mwenye mashine, naye akiwa mbioni huyaona si kitu.

Siku moja, mchana, walikuwa wanarudi na samaki wengi kuliko siku zote. Upepo ukaanza kuvuma nyuma yao, na mtumbwi ukawa unaruka na kujipiga majini. Mafuru akapiga kelele apunguze mwendo, na Manyama akapunguza ghafla. Pua ikashuka. Lile wimbi walilokuwa wakilikokota nyuma yao likawafikia, likapanda juu ya ubao, likaingia. Halikuwa wimbi la dhoruba. Lilikuwa lao wenyewe.

Mashine ikanyamaza. Manyama akapapasa kutafuta dumu la kuchotea, asilipate, kwa sababu Bwire aliondoka nalo siku ile na hakuna aliyekumbuka kukata jingine. Wakachota kwa viganja. Wakachota kwa kofia. Wakatupa mchanga, kisha wakatupa samaki. Mashine hawakuweza kuitupa, maana bolti zilikuwa zimekazwa na mtu aliyekusudia zisilegee kamwe, nayo ikauvuta mtumbwi chini kwa nyuma. Manyama aling'ang'ania dumu tupu la petroli, wakaja kumwokoa watu wawili wa makasia. Mafuru alinaswa na nyavu, akazama nazo. Inaniuma kulisema, lakini ndivyo ilivyokuwa.

Walipomfikisha Manyama ufukweni, Bwire alimvua shati lililolowa, akamvika la kwake. Hakumlaumu. Kisha, kwa kuwa Manyama hakuweza kusimama, Bwire ndiye aliyekwenda kwa dada yao. Nyanjura alikuwa anaanika muhogo uani. Alipomwona mdogo wake anakuja peke yake, na ule mwendo wake, alijua. Akakaa chini pale pale juu ya muhogo, akalia kilio ambacho mwalo mzima ulikisikia.

Ile mashine wapiga mbizi waliiibua baadaye. Ikafunguliwa, ikakaushwa, ikatiwa oili, na leo inausukuma mtumbwi mpana wa mtu mwingine, wala hakuna anayeilalamikia. Haikuwa mbovu, na wala sisemi kwamba udogo ni utakatifu. Wapo waliokwenda na mashine ndogo kuliko mtumbwi wao, upepo ukawapeleka ulikotaka, na hao pia tuliwalilia. Mashine inatakiwa itoshe mtumbwi ulio nao, ukiwa na mzigo wake na watu wake wote ndani.

Msiniulize baada ya ibada mtumbwi ni nini na mchanga ni nini. Wenye vyeo hapa mnajua, wenye maduka mnajua, na mliooa mnajua zaidi. Mimi nawauliza jambo moja tu, na jibu lake msinipe mimi: siku ulipopata nguvu, ulimshusha nani ili upate pa kuiweka?