Bi Pimbi Adai Kunde za Safari ya Lugha

Wangu wa mkekani!
— Tupo!
Masikio yako wapi?
— Kichwani!
Yakianguka kwa mshangao?
— Tutayaokota!

Basi shikaneni mikono, maana ya leo yanashangaza. Nikisema "Semeni", ninyi mseme "Lo!"

Alikuwepo Bi Pimbi. Mnyama mdogo, mviringo, mkazi wa mawe, ukimwona utadhani panya aliyeshiba. Alikuwa na watoto, na watoto wake walipenda kuota jua juu ya jiwe, mmoja kamlalia mwenzake.

Ng'ambo ya mto, kwenye miti, waliishi tumbili. Tumbili wana macho! Adui akitokea, wao ndio wa kwanza kumwona, na hapo hupiga kelele. Wakimwona tai hulia namna yake, wakimwona chatu hulia namna nyingine. Anayekijua Kitumbili anapona. Akija tai, anaingia pangoni. Akija chatu, anatoka pangoni.

Bi Pimbi hakukijua. Siku moja tumbili walilia, "Krrau! Krrau!" Yeye akadhani ni chatu. Akawatoa watoto wote pangoni, mbio, mpaka nje kweupe. Kumbe ni tai! Fyuuu! Kucha zikamkwaruza kitinda mimba mgongoni.

Mtoto alipona. Lakini tangu siku ile hakutaka tena kuota jua. Alikaa gizani, akatetemeka akiona hata kivuli cha jani. Mama gani angetulia hapo?

Ndipo Bi Pimbi akasikia habari za Kiboko. Kiboko alikuwa akinadi ukingoni mwa mto, mdomo wazi kama mlango wa ghala:

"Safari ya lugha! Safari ya lugha! Panda mgongoni nikuvushe kwa tumbili! Utalala kwao, utakula kwao, utarudi unakisema Kitumbili kama umezaliwa mtini!"

"Unatoza nini, Mzee Kiboko?"

"Unacho nini?"

"Nina kapu la kunde kavu. Ndizo za kiangazi, za watoto."

"Hizo hizo!"

Bi Pimbi akatoa kunde. Zote. Akawaacha watoto kwa dada yake, akapanda mgongoni. Chubwi, chubwi, chubwi, wakaingia mtoni. Walipofika katikati, Kiboko akasimama, akajitikisa. Bi Pimbi akaanguka, pwata! juu ya kisiwa cha matope.

"Tumefika," alisema Kiboko.

"Tumefika wapi? Tumbili wako wapi?"

"Wanakuja. Ratiba imebadilika kidogo."

Chubwi! Akazama, akaenda zake.

Semeni!
— Lo!

Hapakuwa na mti. Hapakuwa na tumbili. Palikuwa na Chura mmoja, amekaa anakodoa macho.

"Samahani, baba," alisema Bi Pimbi. "Wewe ndiye mwalimu?"

"Mwalimu? Mimi ni mkazi tu, mama. Tumbili waje huku wamfuate nani?"

Chura alimwona Bi Pimbi anavyotetemeka. Kisiwa kizima kilikuwa na kipande kimoja tu kikavu, na Chura ndiye aliyekuwa amekikalia. Akakiacha, akaingia majini. "Kaa hapo, mama. Mimi maji ni kwangu." Kulipokucha akamwonyesha mawe yaliyojificha chini ya maji. Bi Pimbi akarukaruka jiwe kwa jiwe mpaka kwao, matope hadi masikioni.

Hakuoga kwanza. Alikwenda moja kwa moja kwa Kiboko.

"Hodi, Mzee Kiboko!"

"Nani?"

"Pimbi wa kunde. Nirudishie kunde zangu."

"Kunde zipi?" Chubwi! Akazama.

Akaenda tena.

"Hodi, Mzee Kiboko!"

"Nani?"

"Pimbi wa kunde. Safari haikuwepo, nirudishie kunde zangu."

"Haikuwepo? Mgongo wangu hukuupanda? Mto hukuuona? Wenzako wanaota tu kuuona, wewe umeuona unanuna!" Chubwi! Akazama.

Akaenda tena. Mara hii alikwenda wakati wanyama wote wamekusanyika kunywa maji, akasema kwa sauti ya juu kila mmoja asikie.

"Mzee Kiboko! Umekula chakula cha wanangu ukanitupa matopeni!"

Nyati akainua kichwa. Swala akainua kichwa. "Mrudishie mwenzio," alisema Nyati.

Kiboko akaona haya. Akatazama huku, akatazama kule. Kisha akacheka, "Ho ho ho!"

"Jamani, ninyi hamjui utani? Huyu Pimbi ni mtani wangu! Babu yake na babu yangu walitaniana mpaka wakazeeka. Nimemtania tu. Mtani akichukua cha mtani wake, hakuna kudaiana. Ndiyo mila. Au siyo?"

"Ndiyo mila," walisema wanyama, wakaendelea kunywa maji.

Bi Pimbi akabaki mdomo wazi. Tangu azaliwe hajasikia kwamba pimbi na viboko ni watani! Akaufunga mdomo polepole.

"Kumbe sisi ni watani?"

"Sana!"

"Unasema hivyo mbele ya hawa wote?"

"Nasema, na narudia! Mtani wangu kabisa, wewe kidole gumba!"

"Haya, mtani," alisema Bi Pimbi. Akaondoka.

Semeni!
— Lo!

Haukupita muda, mjomba wake Kiboko akafariki. Alikuwa mzee, mkubwa kama kichuguu cha miaka yote. Msimamizi wa msiba akawa Kiboko. Wanyama wakaja, wa huku na wa ng'ambo, tumbili nao wakaja. Kaburi likachimbwa, refu, pana. Marehemu akaletwa, watu wanalia. Wakachungulia kaburini.

Masalale! Ndani kuna mtu!

Ni Bi Pimbi. Amelala chali, mikono kifuani, amefumba macho.

"Toka humo!" alinguruma Kiboko.

"Sitoki. Pamepoa. Mjomba atafutiwe kwingine."

"Una wazimu?"

"Nina mtani. Msiba wa mtani wangu nafanya nitakalo. Ndiyo mila. Au siyo?"

"Ndiyo mila!" waliitikia wanyama wote.

Na kweli ndiyo mila. Mtani akilala kaburini hatolewi kwa nguvu, anapewa anachotaka. Na mfiwa akimkasirikia mtani, waombolezaji huondoka wakamwacha azike peke yake. Kiboko angemwinuaje marehemu peke yake? Mjomba yule?

Pua za Kiboko zikatoa moshi, fwaaa! Akalazimisha tabasamu, meno yote nje.

"Ho ho. Mtani wangu. Unataka nini?"

"Kunde."

"Kunde zipi?"

Bi Pimbi akavuta jani, akajifunika. "Basi usiku mwema. Mniamshe masika."

Mtu mmoja akacheka kwa kujificha. Wa pili akacheka. Hata mjane, ambaye tangu mumewe afariki hakuwa amekula wala kusema neno, bega lake likaanza kutikisika, akacheka mpaka akajifuta machozi.

Kapu likaletwa mbio. Bi Pimbi akachungulia kutoka shimoni.

"Limepungua."

"Nilionja tu!"

"Jazia."

Kiboko akajazia kwa mpunga wake mwenyewe, huku anatabasamu, taya zinamuuma. Ndipo Bi Pimbi akatoka, akajikung'uta udongo. Alimwendea mjane kwanza. "Pole sana, mama," alisema, akamjazia viganja kunde, "ule leo." Mzee akazikwa kwa heshima zote.

Wakati wa kuondoka, Bibi Tumbili akamfuata.

"Mjukuu wangu, ulikuwa umezitoa kunde kwa ajili ya nini?"

"Nijifunze lugha yenu, Bibi. Nijue mnapomlilia tai na mnapomlilia chatu."

"Kwa Kiboko? Huyo hata salamu yetu haijui! Kwa nini hukusimama juu ya jiwe lako ukatuuliza sisi?"

"Niliogopa mngenitoza zaidi."

Bibi Tumbili akamshika bega.

"Mwanangu, sisi tuko juu mtini, tunamwona adui mapema, tunakimbia. Kelele zile zote tunazipiga kwa ajili ya nani? Tunawapigia ninyi."

 Bi Pimbi akakaa chini palepale, kapu mapajani.

Semeni.
— Lo!

Tumbili wakamfundisha, bure, kwa kupiga kelele kutoka ng'ambo. Naye akawafundisha wanawe. Siku moja ikasikika, "Krrau! Krrau!" Watoto wote pangoni, fyu! Tai akapita na njaa yake. Na wa kwanza kutoka tena kuota jua alikuwa yule kitinda mimba mwenye mikwaruzo.

Je, tumejifunza nini? Tumejifunza kwamba ukitaka kitu cha jirani, jirani usimwulize! Mtafute mwenye mdomo mkubwa kuliko wote, mpe chakula cha watoto wako, chote, kisha ndipo umwulize tumbili wako wapi. Na ukidhulumiwa usipate shida, subiri msiba.

Yangu yamevuka mto, yamefika makavu. Mwenye mdomo wazi aufunge, nzi wasiingie!
— Tumeufunga!
Basi mkalale.